PLASTIKI TUNAYOKULA BILA KUIONA
Somo la Ijumaa



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Tunaomba karatasi hii isomwe kabla imamu hajapanda mimbari, au baada ya swala, siyo wakati wa khutba.

Amma baad.

Idd ya kuchinja inapofika, wale wanaopasua matumbo ya mbuzi na ng'ombe wanaona jambo ambalo sisi tunaosubiri nyama hatulioni. Ndani ya tumbo, katikati ya majani, wanakuta sashe. Mara nyingine ni moja. Mara nyingine ni fundo zima la sashe zilizosokotana na kamba za nailoni, gumu kama mpira wa watoto. Mnyama alikuwa anatafuta chakula kwenye jalala, sashe ilikuwa na harufu ya chumvi au ya bugali, akaimeza. Haikutoka wala haikuoza. Mnyama anakonda huku tumbo lake limejaa. Sisi tunaitoa ile sashe, tunaitupa tena pale pale, tunagawa nyama na kumshukuru Mungu.

Wanachuoni wa fiqhi wanamzungumzia mnyama anayeitwa jallala, yaani anayekula najisi, ambaye Mtume (s.a.w.) alikataza kuliwa. Wakasema afungwe kwanza, alishwe chakula safi siku kadhaa, ndipo achinjwe. Plastiki si najisi, kwa hiyo hukumu haiwi moja, na nyama ya mbuzi huyo ni halali, asiwe mtu na wasiwasi. Lakini angalieni hekima iliyomo: kinachoingia tumboni mwa mnyama hakikomei kwa mnyama, kinafika kwa mlaji.

Na ile ni plastiki inayoonekana kwa macho. Leo tunataka kusema juu ya ile isiyoonekana, ambayo imekuwa habari kubwa kwa waganga na wanasayansi miaka hii, na ambayo watu wengi wamekuwa wakituuliza kwa sababu ya mambo wanayopokea katika simu zao.

PLASTIKI HAIOZI, INASAGIKA

Chukua mfuko mweupe wa makala, ule uliosokotwa kwa nyuzi za plastiki. Uache nje juani miezi michache, kisha uushike. Unakatika mkononi kama majani makavu, na vidole vyako vinabaki na vumbi jeupe na nyuzi ndogo ndogo. Watu wanasema mfuko umeoza. Haukuoza, ndugu yangu. Jani la mgomba likioza linarudi kuwa udongo, na udongo unaotesha jani jingine. Mfuko ule umesagika tu: kipande kimoja kimekuwa elfu, elfu imekuwa milioni, na kila kimoja bado ni plastiki. Ndivyo inavyokuwa kwa beseni lililopauka, kwa bidoni inayoburuzwa kila siku kwenye mawe, kwa kandambili, kwa kamba za wavuvi, kwa matairi ya gari na pikipiki yanayolika barabarani, na kwa nguo za nailoni na polista kila zinapofuliwa.

Chembe hizo wanaziita mikroplastiki. Jina hilo lilienea tangu mwaka 2004, pale mtaalamu wa bahari wa Uingereza, Richard Thompson, wa Chuo Kikuu cha Plymouth, alipoandika pamoja na wenzake kwamba wamezikuta katika mchanga wa pwani na katika maji ya bahari. Kipimo kinachotumika ni kwamba chembe yoyote iliyo chini ya milimita 5 ni mikroplastiki. Zipo za ukubwa wa punje ya mtama, zipo nyembamba kuliko unywele, na zipo ndogo zaidi, zinazoitwa nanoplastiki, ambazo hata kwa hadubini ya kawaida ya hospitali huzioni.

Wingi wake unatokana na wingi wa plastiki yenyewe. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza plastiki karibu tani milioni 2. Mwaka 2019 ilifika tani milioni 460. Na katika taka zote za plastiki za mwaka huo, ni asilimia 9 tu zilizotengenezwa upya kuwa kitu kingine. Zilizobaki zilizikwa, zilichomwa, au ziliachwa ziende na maji.

Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunajua maji yanakwenda wapi. Mvua ikinyesha Bukavu, mifereji inazoa sashe na chupa kutoka kila avenyu na kuzishusha katika Kivu. Kivu inatoka kwa Ruzizi. Na hapo kwenye Ruzizi kuna mashine za umeme, ya kwanza ilijengwa miaka ya 1950 wakati wa wakoloni, na mara nyingi takataka hizo zimeziba njia ya maji mpaka mashine zikasimamishwa, watu wakaingia kuzoa chupa kwa mikono, na mji ukakaa gizani. Kisha Ruzizi inamwaga katika Tanganyika, Tanganyika inatoka Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba inapita kwa ndugu zetu wa Kongolo, Kindu mpaka Kisangani. Anayetupa taka Kadutu asiseme ametupa kwake.

ZIMEKUTWA WAPI

Katika samaki zimekutwa. Huko Mwanza, Tanzania, kwenye ziwa Victoria, watafiti walinunua sokoni sangara, ambao sisi tunawaita kapiteni, na tilapia, wakapasua matumbo yao. Katika samaki watano, mmoja alikuwa na plastiki. Uchunguzi huo ulitangazwa mwaka 2016. Hao ni samaki wakubwa ambao matumbo yao tunayatupa. Sambaza na ndagala tunawala wazima, kichwa, tumbo na mkia. Hatusemi watu waache sambaza, hasha. Ndiyo protini ya maskini, na mtoto anayekosa samaki anapata ugonjwa tunaoujua wote. Tunasema tu kwamba ziwa ni sahani yetu, na mtu hatemi mate katika sahani atakayoila.

Katika maji ya chupa zimekutwa, na nyingi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima maji ya chupa ya kule kwao kwa mashine mpya, wakahesabu kwa wastani chembe 240,000 katika litri moja, nyingi zikiwa ndogo zile za nano. Sehemu yake ilitoka kwenye chupa na kwenye vichujio vyenyewe vinavyosafisha maji.

Na katika mwili wa mwanadamu zimekutwa. Italia, katika hospitali ya Roma, walichunguza kondo la nyuma la wamama 6 waliojifungua, wakakuta chembe katika makondo 4. Hiyo ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2020. Uholanzi, mwaka 2022, walipima damu ya watu 22 wazima wenye afya, wakakuta plastiki kwa watu 17. Mwaka huo huo wale wa Italia walipima maziwa ya wamama 34, wakakuta chembe kwa wamama 26.

Tafakari kidogo juu ya hilo la kondo la nyuma. Mtoto hajavuta pumzi, hajaonja kitu, hajaitwa jina, na taka ya soko imekwisha kumkaribia. Katika Suratur-Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba uharibifu umedhihiri nchi kavu na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Wafasiri wa zamani waliufahamu uharibifu huo kuwa ukame, dhuluma na kupungua kwa baraka. Sisi wa leo tunaweza kuuona hata kwa hadubini.

JE, ZINADHURU?

Hapa ndugu zangu tunaomba tusikilizane vizuri, kwa sababu wengine wanatia chumvi na wengine wanacheka.

Kwamba zimo mwilini, hilo limekwisha kuonekana. Kwamba zinafanya nini humo, elimu bado inatafutwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 juu ya maji ya kunywa, na nyingine mwaka 2022, na maneno yake ni kwamba ushahidi uliopo hautoshi kupitisha hukumu, utafiti uongezwe na plastiki ipunguzwe.

Lakini kuna dalili ambazo mwenye akili hazipuuzi. Miaka ya 1990 huko Rhode Island, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda kilichokuwa kinakata nyuzi za nailoni kuwa vumbi waliugua mapafu, na waganga wakaupa ugonjwa huo jina lake. Wao walivuta vumbi jingi kila siku kwa miaka, siyo kama sisi. Inaonyesha tu kwamba plastiki ikiwa nyingi katika mapafu, mapafu hayaivumilii.

Habari kubwa zaidi ilitoka mwaka 2024. Waganga wa Napoli, Italia, pamoja na wenzao, walifuatilia wagonjwa 257 waliopasuliwa mshipa wa shingo, ule unaopeleka damu kichwani, ili kutoa mafuta yaliyoganda ndani yake. Katika mafuta yale ya wagonjwa 150 walikuta plastiki ya aina inayotengenezea sashe. Wakawafuatilia wote karibu miaka mitatu. Wale waliokuwa na plastiki, hatari yao ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa ilikuwa mara nne na nusu kuliko wale wasiokuwa nayo. Waganga wenyewe walisema wazi kwamba jambo hilo halithibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyowaua. Huenda wenye plastiki nyingi walikuwa na maisha au chakula tofauti. Ni alama ya hatari, siyo hukumu ya kadhi.

Na mwaka 2025 watafiti wa New Mexico, Marekani, walitangaza kwamba ubongo wa watu waliokufa 2024 ulikuwa na plastiki nyingi kuliko ule wa waliokufa 2016. Hapo wanasayansi wengine walisimama na kupinga kipimo, wakisema mafuta ya ubongo yakichomwa ndani ya mashine ile yanaweza kutoa alama inayofanana na ya plastiki. Mjadala unaendelea. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, mmoja anasema, mwenzake anakagua, na hakuna aibu katika hilo.

Aibu iko kwa sisi tunaorusha habari bila kukagua. Mmepokea ile habari kwamba kila mtu anakula plastiki ya uzito wa kadi ya benki kila wiki. Hesabu hiyo ilitoka mwaka 2019, gramu 5 kwa wiki, na wengine walipoirudia walikuta imezidishwa mno. Bado inatembea. Na ile ya mchele wa plastiki? Desemba 2016 huko Nigeria forodha ilikamata mifuko 102 ya mchele ikasema ni plastiki. Maabara ya serikali yao ilipopima ikakuta ni mchele wa kweli. Mpaka leo kuna muuzaji anayetukanwa sokoni kwa sababu mchele wake ulidunda. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Simu haikuondoa aya hiyo. Ajabu ni kwamba watu walioogopa mchele ambao haukuwa plastiki ndio hao hao wanaotia maharagwe ya moto katika sashe, wanaifunga fundo na kwenda nayo nyumbani.

SHERIA INASEMAJE

Tuliulizwa: maji yenye chembe hizi yanafaa kutawadha? Yanafaa. Maji ni tohara mpaka yabadilishwe na najisi rangi, ladha au harufu, na plastiki si najisi. Udhu wako ni sahihi. Funga yako pia haiharibiki kwa vumbi unalolivuta bila kukusudia. Mtu asijitie katika wasiwasi, maana wasiwasi ni mlango wa shetani.

Lakini tohara ni jambo moja na uzuri ni jambo jingine. Suratul-Baqara, aya ya 168, inawaita watu wale kilicho halali na kilicho kizuri, halali na twayyib pamoja. Wengi wetu tumeshika neno la kwanza, tunauliza nani alichinja na alisoma nini, na tumesahau la pili. Kitu kinaweza kuwa halali katika asili yake na kikatolewa uzuri wake na chombo kilichotiwa.

Tena Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyomo katika Bukhari na Muslim, alibainisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na katikati yake kuna yenye kutatiza, na anayejiepusha nayo ameiokoa dini yake na heshima yake. Wanachuoni wameijenga juu ya hayo njia ya tahadhari: penye shaka ya kweli, na kujiepusha ni kwepesi, jiepushe. Penye shaka na kujiepusha kunaleta madhara makubwa zaidi, pima. Na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana kila mtoto wa madrasa anaijua.

Atasema mtu: ajali imeandikwa, sashe haitaniua kabla ya siku yangu. Sayyidna Umar (r.a.) alipofika karibu na Sham akaambiwa kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Basi hilo linatosha.

USIKIMBIE KIJITO UKAANGUKIA MTONI

Hapa ndipo tunapotaka kila mama aliyebeba karatasi hii atulie asome mara mbili.

Kipindupindu kinamuua mtu mzima kwa masaa machache. Kipo kando ya Kivu, kipo Uvira, kipo Kalemie, kinarudi mwaka baada ya mwaka. Chembe za plastiki, hata kama zina madhara, hayo ni madhara ya miaka mingi. Kwa hiyo mtu asiache maji ya sashe au ya chupa yaliyosafishwa akaenda kunywa maji ya ziwa kwa kuogopa plastiki. Asiache kutia klorini katika bidoni. Asitupe bidoni yake ya manjano wakati hana chombo kingine. Ripoti ile ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 imesema waziwazi kwamba vijidudu vya maradhi ndivyo hatari kubwa ya kwanza katika maji. Kuhifadhi nafsi ndiyo kwanza, na nafsi inaokolewa kwanza na kile kinachoua leo.

Vilevile mama asiache kunyonyesha kwa sababu alisikia habari ya maziwa ya Italia. Waliofanya uchunguzi ule wenyewe wanasema faida ya ziwa la mama ni kubwa kuliko. Na Suratul-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili. Anayeacha ziwa kwa kuogopa chembe chache anakwenda wapi? Kwenye biberoni ya plastiki. Na hapo watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, waligundua mwaka 2020 kwamba biberoni za plastiki zikitiwa maji ya moto zinaachia chembe mpaka milioni 16 kwa litri. Joto ndilo linalofanya kazi hiyo: maji ya nyuzi 25 yalitoa chembe kama 600,000, na ya nyuzi 95 yalitoa milioni 55. Mama ambaye hana budi kutumia biberoni, achanganye maziwa kwa maji ya moto katika kikombe cha chuma au cha glasi, aache yapoe, ndipo ayamimine.

Kumbukeni jambo hilo la joto, maana karibu yote tutakayoyasema nyumbani yanatoka humo.

NYUMBANI

Kitu cha moto kisiingie katika plastiki. Chai, uji, maharagwe, sombe, bugali ya moto inayofungwa katika sashe kule malewani: chukua bakuli yako ya chuma kutoka nyumbani, au dai jani la mgomba. Wazee wetu walifunga kwanga katika majani, wakala, majani yakarudi shambani, hakuna ziwa lililoziba. Maji yaliyochemshwa yapoe katika sufuria kwanza, ndipo yaingie katika bidoni. Bidoni ikae kivulini, siyo juani mlangoni. Bidoni iliyopauka na kuanza kutoa unga, ipe kazi ya maji ya kufua. Na ifunike: Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Muslim, aliamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe midomo usiku.

Kuchemsha kwenyewe kuna faida ya pili. Watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha mwaka 2024 kwamba maji yenye chokaa yakichemshwa, ile chokaa inaganda na kuzishika chembe za plastiki ndani yake. Maji yaliyokuwa na chokaa nyingi yalipungukiwa karibu asilimia 90 ya chembe, na yasiyo na chokaa nyingi karibu robo. Ule ukoko mweupe chini ya sufuria ndio uliozibeba. Kwa hiyo acha maji yatulie, mimina ya juu taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba, na ya mwisho kule chini yamwage.

Sasa kuna jambo la mbabula, na hili kwetu ni zito kuliko yote yaliyotangulia, maana madhara yake hayana mjadala. Asubuhi mapema pita katika nyumba zetu, utasikia harufu. Mama anawasha makala kwa sashe au kwa kipande cha bidoni, mtoto amefungwa mgongoni, na pua ya mtoto iko juu ya moshi. Plastiki inayochomwa katika moto mdogo kama ule inatoa masizi na sumu, na baadhi yake, kama mipira ya nyaya za umeme na mabomba, inatoa gesi ya asidi na sumu inayoitwa dioksini, ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu katika visababisho vya kansa. Dioksini inakaa katika mafuta ya mwili kwa miaka, na inakaa pia katika mayai ya kuku wanaochakura majivu yale. Wamama, tunajua makala mabichi yanasumbua na watoto wanalia njaa. Tumieni magunzi ya mahindi, vibanzi, majani makavu ya mgomba, karatasi. Na wababa ambao mnakaa barazani mkisubiri chai, kutafuta vibanzi ni kazi ya nani?

Kufagia pia ni tiba. Chembe nyingi tunazivuta pamoja na vumbi la nyumba, nyuzi za nguo na za mazulia. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, watoto wakiwa nje. Na mazulia ya msikiti yatolewe yakung'utwe uani, siyo ndani.

MJINI NA MSIKITINI

Serikali yetu ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vya plastiki. Ndugu zetu wa Rwanda walipiga marufuku sashe kwa sheria ya mwaka 2008, na kila anayevuka kwenda Kamembe anajua ataiacha mpakani. Kwetu amri iko kwenye karatasi na sashe iko sokoni. Mataifa nayo yalikubaliana Nairobi, Machi 2022, kuandika mkataba wa dunia juu ya plastiki. Wakakutana Busan mwaka 2024, wakaachana. Wakakutana Geneva Agosti 2025, wakaachana tena bila mkataba. Nchi na makampuni yanayouza mafuta na gesi, ambayo ndiyo asili ya plastiki, hayapendi itengenezwe kidogo. Hayo hatuwezi kuyakata sisi katika swafu zetu.

Lakini msimtukane yule mama anayeuza maji ya sashe au karanga katika sashe. Ana watoto, na sashe aliikuta sokoni, hakuitengeneza yeye. Ukitaka aache, nenda na chombo chako, umlipe bei ile ile.

Tunachoweza ni cha kwetu. Mtume (s.a.w.) alihesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni tawi la imani, na alitahadharisha wanaochafua chemchemi, njia na vivuli wanavyokaa watu. Katika Ramadhani iliyopita, baada ya futari, ua wa msikiti ulikuwa mweupe kwa sashe za maji. Vijana walizikusanya kwa nia njema, wakazichoma nyuma ya ukuta, na moshi ukaingia katika nyumba za majirani ambao baadhi yao si Waislamu. Jirani ana haki.

Kamati imeleta shauri lifuatalo, na litajadiliwa Jumapili baada ya swala ya alasiri. Yanunuliwe madumu mawili ya chuma yenye bomba, maji yachemshwe na kutiwa klorini, na kila mfungaji aje na kikombe chake. Kwa wageni viwepo vikombe vya chuma 60. Sashe na chupa zitakazoletwa hata hivyo zitiwe katika gunia, zisichomwe, vijana wazipeleke kwa wale wanaozinunua kwa kilo. Siku ya Idd ya kuchinja, pawepo mtu mmoja wa kupokea yote yanayotoka matumboni mwa wanyama, plastiki itengwe na kinyesi, kinyesi kiende shambani. Bei ya madumu bado inatafutwa. Mwenye kujua fundi chuma mwaminifu amlete, na mwenye sadaka aifikishe kwa mweka hazina apewe karatasi ya mapokezi.

Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mtume wake. Usiitupe wala usifungie karanga. Ukimaliza mpe jirani yako.

Wabillahi tawfiq.